Mwanamke wa Mjomba

Kanisa letu halikuwa lile kubwa ambalo watalii hulipiga picha. La kwetu lilikuwa dogo, ndani ya uchochoro wa Mji Mkongwe, limebanwa na nyumba za majirani Waislamu kiasi kwamba padri akipiga chafya madhabahuni, mtu wa dirisha la pili humwombea afya. Tulikuwa wachache, na uchache huo ulitufanya tujione wateule. Pia ulitufanya tujuane mno. Nani kalewa, nani kazaa kabla ya pete, nani kaonekana kwa mganga huko Ng'ambo, yote tulikuwa nayo kabla ya Jumapili kufika. Tusilolijua tulilikisia, na kwa kukisia hatukuwa na mpinzani kisiwani.

Watu wa namna hiyo lazima wawe na pa kuwaweka wakosaji, na sisi tulikuwa na benchi. Lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mlango, chini ya dirisha linaloingiza mvua. Aliyetengwa na meza ya Bwana alikaa hapo. Utaratibu ulikuwa hivi: baada ya mahubiri padri anatangaza jina la mtu na dhambi yake, mkosaji anahamia nyuma, hakomuniki, haimbi kwaya, hashiki kazi yoyote ya ibada. Siku akiwa tayari, anasimama mbele ya watu wote na kuikiri kwa kinywa chake dhambi ileile iliyotangazwa. Akishaikiri, kanisa halina ruhusa ya kumkatalia. Padri anamshika mkono, anamrudisha mbele, akina mama wanapiga vigelegele, mambo yamekwisha.

Ulikuwa utaratibu mzuri, hasa kwa waliouzoea. Katibu wa halmashauri ya kanisa alikuwa na nyumba ya pili Mwanakwerekwe, na humo mlikuwa na mama na watoto ambao pua zao hazikuhitaji maelezo. Alipotangaziwa uzinzi alisimama palepale, padri hajafunga hata kitabu, akakiri kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Benchi hakuligusa. Watu walitazamana, lakini utaratibu ni utaratibu, vigelegele vikapigwa. Jumatatu alionekana Mwanakwerekwe na kikapu cha mboga. Alitubu hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara tulifurahi upya.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwakilishi wa vijana kwenye halmashauri, ingawa ujana wenyewe ulikuwa umeshaanza kuniaga. Niliishi na bibi yangu mzaa mama na mjomba wangu, kitinda mimba wake. Mama yake bibi alikombolewa utumwani angali mtoto, akalelewa na masista, kwa hiyo kwa bibi kanisa halikuwa mahali pa kwenda Jumapili tu. Ndiko ukoo wetu ulikoanzia. Macho yalikuwa yamemwisha, akibakiwa na mwanga na vivuli, na moyo nao ulikuwa umeanza kumsumbua. Kila Jumapili, kinanda kikinyamaza, mjomba alishuka, akamshika mkono, wakaenda polepole hadi kwenye meza ya Bwana na kupiga magoti pamoja. Bibi alikuwa na ombi moja duniani, na alimwambia kila mtu, hata aliyekuja kusoma mita ya umeme: "Siku yangu ikifika, inikute nshakomunika, na mkono wangu umo mkononi mwa mwanangu."

Ukiniuliza mimi, mjomba ndiye aliyekuwa kanisa. Alipiga kinanda cha kukanyaga, kwa hiyo umeme ulipokatika, na miaka ile ulikatika unavyotaka, ibada yetu haikuyumba. Alifua vitambaa vya madhabahu, akavitia uwanga wa muhogo, akavipiga pasi ya mkaa hadi vikasimama vyenyewe. Siku za kazi alikuwa akipamba maharusi. Hapakuwa na harusi ya maana mjini, ya Kiislamu wala ya Kikristo, ambayo bibi harusi alitoka bila mkono wake: hina, piko, asumini nyweleni, kikuba cha maua kifuani. Akina mama ambao hata shemeji hawamruhusu kuona unywele mmoja wa binti zao walimfungulia mjomba mlango wa chumba, wakisema yule si mwanamume. Walidhani wanamsifu.

Alikuwa mwanamume. Hakuoa, na alimpenda mwanamume mwenzake, mtu wa Bwejuu, fundi wa kuezeka makuti, mkimya na mwenye haya. Nalisema hivi wazi kwa sababu kulizungukazunguka ndiko kulikotuletea balaa. Mtu wa Bwejuu alikuja Jumamosi na samaki aliowatunga kwenye ukindu, akala nasi, kisha wakakaa barazani wawili wakizungumza na kucheka kwa sauti ndogo. Bibi aliomba miaka mingi mjomba apate mke. Siku moja akaacha kuomba, akaanza kumuuliza mgeni kama anapenda pilipili. Sitamfanya bibi mtakatifu. Jambo lile hakulipenda hata kidogo. Ila alimpenda mwanawe, na alikuwa amechoka kumpenda nusu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na kanisa zima lilijua, na kanisa zima lilinyamaza, kwa kuwa nani mwingine angepiga kinanda. Kisha tukaletewa padri mpya kutoka bara. Alikuwa mtu mwema, nimesema hivyo na sirudi nyuma, lakini alikuwa ametoka kwenye semina ya maadili, na mtu aliyetoka kwenye semina anatafuta pa kuitumia. Wakati huohuo mwenyekiti wa umoja wa akina mama alikuwa anamwoza binti yake, na mjomba ndiye aliyepamba. Wiki nzima mama mwenyekiti alikuwa haondoki kwetu: leo anachagua maua, kesho anabadilisha, keshokutwa anarudi kwenye yale ya mwanzo. Kila akitoka alikuwa na kikuba kipya kifuani, akiujaza uchochoro mzima harufu ya asumini na mrehani. Harusi ilipendeza. Aliicheza hadi akavua viatu.

Kosa lilikuwa moja. Mjomba alikwenda harusini na mtu wa Bwejuu, wakakaa viti vya pamoja, na wakwe kutoka Dar wakauliza kwa adabu kama wale wawili ni ndugu. Basi. Maua yalikuwa hayajakauka vizuri, mama mwenyekiti akagundua kwamba kanisa lina doa. Sisemi kwamba lilikuwa halionekani wiki aliyokuwa anapambiwa binti yake. Pengine taa zilikuwa hafifu.

Halmashauri ikaitwa. Nilikuwamo, na nawaambia kikao kile kilikuwa kigumu, si kwa sababu watu walitofautiana, bali kwa sababu hakuna aliyetaka kusema wanazungumza nini. Mama mwenyekiti alisema "lile jambo". Mzee mmoja akasema "hali ile". Padri akasema "mwenendo". Walilizunguka kama paka na maji ya moto. Wote walikubaliana mjomba atengwe, ila sasa atangaziwe dhambi gani? Mama mwenyekiti alikataa dhambi yenyewe kutajwa kwa jina lake halisi mimbarini. Kuna watoto, alisema, na madirisha yako wazi, na Waislamu wanasikia, watatufikiriaje? Nikataka kumwambia kwamba Waislamu wamekuwa wakimwingiza mjomba vyumbani mwa binti zao tangu mimi sijaota meno, kwa hiyo habari wanayo. Sikupata nafasi, maana katibu alikuwa amepata ufumbuzi.

Uzinzi, alisema. Uzinzi unamtosha kila mtu. Alilisema kwa utulivu wa mtaalamu, na kila mmoja akashusha pumzi.

Nikauliza huyo mwanamke atakuwa nani, kwani kwa desturi yetu uzinzi hutengewa wote wawili. Padri akasema hilo ni suala la utekelezaji. Wakafunga kwa sala, wakatoka pamoja kwenda Forodhani kula pweza, na mimi nikaenda nyumbani kumwambia mjomba.

Mjomba alikuwa anapiga pasi kitambaa cha madhabahu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiweka pasi pembeni ili isiunguze.

"Wangelitaja lenyewe, ningesimama nijibu ndiyo au siyo," alisema. "Lakini mwanamke? Mwanamke nnamtoa wapi?"

Jumapili ikatangazwa hivyohivyo, jina la mjomba na neno uzinzi. Kanisa lote likageuka, si kumtazama yeye, bali kuwatazama wanawake. Mjomba alifunga kinanda, akashuka, akaenda benchi la nyuma. Nikamwona bibi anapapasa kiti cha mbele, anainuka, na kwa fimbo yake anaanza kuufuata ukuta kuelekea mlangoni. Padri alimwambia kwa upole kwamba yeye hajatengwa. Bibi alisema anajua, hajaziba masikio, macho tu ndiyo mabovu. Akaketi nyuma pamoja na mwanawe.

Ulipofika wakati wa kukomunika, nilimfuata ili nimpeleke mimi. Alinigomea. "Mkono wako ni wa mwalimu," alisema, "unavuta." Siku hiyo hakukomunika, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Kanisa likajikuta limemtenga mama mzee kuliko wote bila kikao na bila muhtasari.

Baada ya hapo niliishi katika furaha ambayo si ya Kikristo. Kwanza, kuimba. Bila kinanda kila mtu alianza wimbo kwa sauti aliyoamka nayo, na tulipofika kiitikio tulikuwa tumeachana mbali sana. Pili, vitambaa. Vitambaa vya madhabahu viliendelea kuletwa nyumbani kwetu, vimefungwa kwenye kanga, vikitakiwa Jumamosi. Mjomba alikuwa haruhusiwi kushika kazi ya ibada, ila inaonekana dhambi haipenyi kwenye uwanga. Yeye akavifua na kuvinyoosha uzuri uleule. Nilipokasirika aliniambia vitambaa havikuwamo kikaoni.

Tatu, na hili ndilo lililonistarehesha zaidi, watu walianza kumtafuta mwanamke. Haiwezekani mzinzi awe mmoja. Nani alikuwa anaingia na kutoka kwetu wiki nzima? Nani alitembea na vikuba vya asumini kifuani, tena mchana, na mumewe yuko kazini? Kikuba huvaliwa kwa ajili ya mtu. Jibu lilijileta lenyewe, na lilikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama.

Ilianza na minong'ono kwenye bomba la maji, ikaenda kwaya, ikamfikia mumewe. Jirani yetu wa dirisha la pili, bibi wa Kiarabu aliyekuwa akitengeneza vileja vya kuuza tangu mashamba ya marehemu mumewe yalipochukuliwa, alikuja kumuuliza bibi kama ni kweli. Alikaa, akakunja miguu, akapewa kahawa.

"Bi mkubwa," alisema, "mimi mwanao nnamjua. Kanipambia binti zangu wote. Hebu niambie, hawa watu wenu wana akili timamu?"

Bibi alimwambia wana akili, ila wameiweka mahali hawapakumbuki. Jirani akasema kwao nako wapo wa aina hiyo, na watu wao nao wana midomo, lakini angalau hawamzulii mtu mwanamke. Alikunywa kahawa yake, akaondoka anacheka ngazi nzima.

Haukupita muda mama mwenyekiti akaja mwenyewe. Safari hii hakuwa na kikuba. Alimwamkia bibi shikamoo, akajibiwa marahaba kwa sauti ya baridi, akaketi ukingoni mwa kiti. Alimwomba mjomba asimame kanisani aseme kwamba si yeye. Mumewe alikuwa hali chakula chake.

"Ntasema si wewe," mjomba alimjibu. "Watauliza, basi ni nani. Na mimi sina wa kumtaja, maana hayupo. Wewe unaijua sababu niliyotengewa. Simama wewe uwaambie, utasafika hapohapo."

Mama mwenyekiti alikaa akizungusha pete yake. Hebu fikirieni hali ya mtu yule. Jambo aliloliita halitamkiki sasa ndilo peke yake lingemwokoa, na alikuwa amelifungia mwenyewe mlango mbele ya halmashauri nzima. Nilitaka kumhurumia, nikaona huruma yangu haipo karibu. Mjomba ndiye aliyemletea maji ya kunywa.

Mwishowe akaja padri kumwelimisha bibi. Nadhani aliona aibu kwa bibi kukaa nyuma, tena askofu alitarajiwa kuja kutoa kipaimara. Alikaa karibu naye, akamweleza polepole kwamba kanisa halimchukii mtu, linachukia dhambi, na kwamba jambo la mjomba limeandikwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi kuwa ni chukizo. Bibi alimsikiliza kwa heshima zote. Kisha akaniita.

"Naam, bibi."

Akaniambia nichukue Biblia, nikisome kitabu hicho, ila si hapo alipopataja padri. Nirudi nyuma kidogo. Nikasoma habari za wanyama, bibi akinihimiza nisonge mbele, hadi nikafika kwenye viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba, ambao nao wameitwa chukizo. Bibi akanisimamisha. Akamuuliza padri, kwa upole kabisa, kama pweza ana magamba.

Padri alisema hayo ni mambo ya agano la kale, mama. Bibi akasema kumbe, na hilo la mwanawe limo katika kitabu kipi? Padri akamjibu kwamba na Mtume Paulo naye amelisemea. Bibi akakubali, akasema Paulo anamjua, ameusemea pia na umbeya, na kiburi, na wanaowahukumu wenzao kwa wanayoyafanya wao, na nani katika hao ameshawahi kukaa benchi la nyuma? Nilikaza macho kwenye kitabu ili nisicheke. Padri aliondoka ameinamisha kichwa, na mlangoni akamwambia mjomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya biashara, kwamba yote yanaweza kwisha Jumapili moja. Akiri tu. Maneno machache. Mungu anajua moyo.

Mjomba alimjibu kwamba ni kweli, Mungu anajua, na ndiyo sababu anaogopa kumdanganya.

Ningependa kumalizia hapo, tumeshinda hoja na pweza yuko upande wetu. Lakini Kwaresima ile bibi alibadilika. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa halali ila ameketi. Daktari alituambia tusimchoshe, na namna alivyotuambia tulielewa. Asubuhi moja mjomba alimkuta amekaa kitandani, anaitikia misa peke yake, zamu ya padri ananyamaza, zamu ya watu anaitikia. Alipofika mahali pa kukomunika alinyoosha viganja, akakaa hivyo, kisha akavishusha. Mjomba alishuka ngazi akaja jikoni nilipokuwa, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Sikuwahi kumwona analia, na nililia naye, na kejeli zangu zote siku hiyo hazikunifaa kitu.

Akaniambia atasema wanachotaka.

Asubuhi ya Pasaka alimvisha bibi gauni jeupe alilolipiga pasi hadi mkanda. Akamwambia leo utakomunika, mama. Bibi hakuuliza kwa vipi. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu, akaomba na kikuba, mjomba akamtilia. Mtu wa Bwejuu alikuwa amekuja kusaidia, maana ngazi zilimshinda bibi. Alimbeba mikononi hadi chini, kisha akamsindikiza hadi mlango wa kanisa. Yeye akabaki nje, uchochoroni, na kofia yake.

Baada ya mahubiri mjomba alisimama mbele. Alisema ametenda dhambi ya uzinzi, ameitubu, analiomba kanisa limpokee. Hayo tu. Vigelegele vikafyatuka. Vichwa vilimgeukia mama mwenyekiti kwa pamoja, na kipepeo chake cha ukindu kikaanguka sakafuni. Katibu alitikisa kichwa kwa kuridhika, alivyozoea kuridhika kazi ikienda vizuri. Padri alikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli.

Mjomba akaenda nyuma kumchukua bibi. Alimshika mkono. Bibi hakuinuka.

"Mama, twende."

"Huyo mwanamke ni nani?" bibi aliuliza. Alikuwa na tabia ya wasioona, akidhani kila mtu yuko mbali, kwa hiyo alizungumza kwa sauti, na vigelegele vilikuwa vimekwisha.

Mjomba alinong'ona kitu. Bibi akamuuliza tena.

"Hayupo, mama."

"Hayupo," bibi akasema. "Basi umesimama mbele ya Mungu, siku ya kufufuka kwake, ukamwambia uongo. Kwa ajili yangu. Mimi sitoula huo mkate. Keti."

Mjomba aliketi. Padri alisimama na bakuli la mkate mkononi, akitazama benchi la nyuma. Kwaya ikaanza wimbo kila mtu na wake. Tulimrudisha bibi nyumbani akiwa hajakomunika, anahema, na mtu wa Bwejuu akambeba kupanda ngazi. Usiniulize nilimfikiria vipi bibi siku ile. Nilimwona mkatili. Mtoto wake alikuwa amejidhalilisha kwa ajili yake na yeye anamsahihisha.

Halmashauri ikaitwa haraka, siku ya kazi. Nilikwenda na nikakaa kimya, maana nilikuwa na hamu ya kuona watafanyaje. Hali yao ilikuwa hivi. Ikiwa mwanamke hayupo, uzinzi haupo, na mjomba alitengwa bure. Wakisema alitengwa kwa haki, lazima waseme kwa lipi hasa, na lile halitamkiki. Mama mwenyekiti, ambaye jina lake lilikuwa limesafishwa na bibi mbele ya watu wote, hakutaka kabisa mjadala urudi kwenye wanawake. Walihangaika kwa saa nyingi. Ufumbuzi ulitoka kwa padri mwenyewe, na aliutoa kwa fahari: mjomba amesema uongo madhabahuni, watu wote wameusikia, na uongo ni dhambi inayotamkika. Atengwe kwa huo. Wakafurahi, wakapiga kura, wakafunga kwa sala.

Nilimpelekea mjomba habari. Alikuwa anaunganisha asumini kwa ajili ya harusi ya mtu. Aliinua macho, akanitazama, na nikaona uso wake unafunguka.

"Uongo?" aliuliza. "Huo wangu."

Jumapili iliyofuata tulimbeba bibi tena, bila kumweleza kitu. Padri alipanda mimbarini, akatangaza jina la mjomba na dhambi ya kusema uongo mbele za Mungu na kanisa lake. Alikuwa hajafunga kitabu mjomba alipokuwa ameshasimama. Hakwenda hata mbele. Alizungumza hapohapo benchini.

"Ni kweli," alisema. "Nimesema uongo. Nnajuta kwa moyo wangu wote, na sitausema tena uongo ule hata mkinitaka. Nnaliomba kanisa linipokee."

Padri alimtazama katibu. Katibu, ambaye ndiye aliyetufundisha sote kwamba inawezekana kukiri kabla kitabu hakijafungwa, aliangalia viatu vyake. Dhambi imetangazwa, imekiriwa, kwa kinywa cha mwenyewe, na kanisa halina ruhusa ya kumkatalia. Padri akashuka, akaja hadi nyuma, akamshika mjomba mkono. Alikuwa mtu mwema, nilikwisha kusema.

Ilikuwa zamu ya akina mama kupiga vigelegele, na akina mama wakamtazama mwenyekiti wao, na mwenyekiti wao akatazama dari. Basi kikapigwa kimoja, kirefu, cha nguvu, kutoka nje. Bibi wa Kiarabu alikuwa dirishani kwake na unga wa vileja mikononi. Baada yake na wetu wakaanza, kwa aibu kwanza, halafu kwa kelele.

Bibi aliuliza mwanawe amesema nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Hilo ni kweli," akasema, akanyoosha mkono. Mjomba akaushika. Walichukua muda mrefu kufika mbele na hakuna aliyewaharakisha. Wakapiga magoti pamoja, bibi akanyoosha kiganja kimoja tu, kwani cha pili hakukiachia.

Alifariki kabla mvua za masika hazijakatika. Mjomba alipiga kinanda, na mtu wa Bwejuu akabeba jeneza bega moja na katibu wa halmashauri, ambaye wiki ile alikuwa amesafika. Padri alihamishwa baadaye, mama mwenyekiti akachaguliwa tena, na lile jambo halijatamkwa mimbarini hadi leo. Mjomba alipiga kinanda hadi vidole vilipomkatalia, na katika miaka yote hiyo dhambi moja tu ndiyo aliyoitubu mbele ya kanisa lile, ile waliyomfundisha wao.